Zana Kumi na Mbili za Kumtafuta Mgeni Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Nimeitwa na Maman Védastine. Si kwa chai. Aliniita Valens Munyemana, majina yote mawili, na mtu akiitwa hivyo ajue mambo yameharibika.

Wajukuu wangu wakisoma haya waelewe: Maman Védastine ana nyumba ya wageni hapa Cyangugu. Vyumba saba, madirisha yanatazama ziwa. Mimi ni mkuu wa idara ya mtandao. Idara ina mtu mmoja na kompyuta moja, na iko stoo pamoja na magodoro. Kazi yangu ni kuifanya tovuti yetu itokee juu kabisa mtu akitafuta malazi Google. Wenye elimu wanaiita SEO. Kwetu Mururu wanaiita uvivu.

Shitaka: vyumba vitupu tangu Aprili. Kwa jirani yetu Papa Kabera wageni wamejaa mpaka wanaanika mashati kwenye ua. "Valens, bageni bako wapi?" Nikamwonyesha grafu. Akasema grafu hailalake kwa kitanda.

Hukumu: nina hadi Jumamosi jioni. Asipotokea hata mgeni mmoja aliyetuona mtandaoni, kazi yangu anampa Christophe-Aimé, yule kijana wa Bukavu anayeendesha tovuti ya Papa Kabera. Mimi nirudi Mururu kwa baba mdogo, kulima mihogo. Jembe! Kwa mikono hii!

Tena kompyuta inakwama kwa wingi wa zana zangu za SEO. Ninazo kumi na moja. Ameamuru zibaki tatu.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya kuchagua. Nimeziandika zote kwenye karatasi. Moja inanionyesha maneno ambayo watu wanayatafuta. Nyingine inanionyesha maneno yale yale, ila kwa rangi. Moja inawapeleleza majirani. Tatu sikumbuki zinafanya nini, lakini naogopa kuzigusa. Huenda ndizo zinazoshikilia tovuti isianguke.

Nikaziuliza zote swali moja: tuko nafasi ya ngapi? Ya kwanza ikasema ya nne. Ya pili, ya thelathini na moja. Ya tatu ikasema tovuti hii haipo duniani. Nimeamua itabaki inayosema ukweli. Ukweli ni nafasi ya nne.

Hadi saa sita mchana nilikuwa nimefuta sifuri. Hapo nikakutana na zana nzuri ajabu, ya kulinganisha zana. Nikaiweka. Sasa ni kumi na mbili, kama mitume. Yuda ni yupi, bado sijajua.

Kuna tatizo dogo. Majaribio ya bure ni siku saba kwa kila barua pepe, na barua pepe zangu ziliisha mwaka jana. Nimeshatumia ya mama na ya shangazi Bella. Leo nimetumia ya katekista Hakizimana, niliyomfungulia mimi mwenyewe. Hata haifunguagi.

Jumatano, 5 Juni

Ameifungua. Zana ilimwandikia: *Wageni wako wamepungua kwa asilimia themanini. Chukua hatua leo.* Baada ya misa ya asubuhi akawazuia Wakristo mlangoni, akauliza kwa uchungu ni akina nani hao wanaoacha kanisa. Watu wawili wakakiri. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kazini, ushindi! Nimetafuta "malazi Rusizi", ndiyo wilaya yetu, kwenye simu yangu: sisi ni wa kwanza. Wa kwanza! Nikamkimbilia Maman Védastine. Akaomba Joselyne wa mapokezi atafute kwa simu yake. Hatupo. Ukurasa wa pili, hatupo. Ukurasa wa tatu tukaonekana, chini ya habari za mashindano ya baiskeli.

Joselyne akanieleza, polepole kama anamwelekeza mgeni chooni, kwamba mimi naifungua tovuti hiyo mara arobaini kwa siku na Google imeshanizoea. Simu yangu inanisifu kama mama anavyomsifu mtoto wake kwa sura. Ana miezi minane hapa, huyu Joselyne. Minane!

Nikabuni mpango. Nimemwamuru yeye, Védaste mpishi na mlinzi wa geti watafute "malazi Rusizi", wabofye jina letu, watoke, waanze tena. Saa kumi jioni grafu ikapanda kama moshi. Wageni mia mbili na kumi na wawili! Wote wako jikoni. Maharage ya Védaste yameungua.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kumpeleleza Christophe-Aimé. Nilimvizia pale mpakani na Kongo, Rusizi I, akivuka asubuhi kuja kazini. Nikajifanya nimepita tu.

Hakuficha chochote, na hilo ndilo lililoniuma. Ana zana mbili na kaye, daftari la kawaida la shule. Zana ya kwanza ni ile ya bure ya Google wenyewe, inayoonyesha watu walitafuta nini mpaka wakamfikia. Ya pili inamwambia ukurasa gani umekufa, haufunguki. Kwenye kaye anaandika jibu la kila mgeni akiulizwa: umetujuaje? Basi. Na kila Jumatatu anapiga namba iliyo kwenye tovuti yake, kama mteja, asikie kama inaita.

Nikamwonea huruma. Anajipigia simu mwenyewe, maskini! Akasema kuna kitu hakielewi: wageni wake wengi siku hizi hawataji Google. Wanasema kuna maman mmoja aliwaelekeza kwa simu. Nikajua hapo ndipo siri yake ilipo, ananizunguka.

Mwisho akaniuliza kama nahitaji msaada. Msaada! Nikamwambia nina zana kumi na mbili. Akasema, "Pole, kaka." Nilicheka peke yangu mpaka Kamembe. Jioni kicheko kikaisha. Zimebaki siku mbili, hakuna mgeni hata mmoja, na baba mdogo amepiga kuuliza kama nina buti za shambani.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilimsimulia Joselyne habari za Christophe-Aimé kujipigia simu, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akachukua simu yake, akapiga namba iliyo kwenye tovuti yetu. Simu yangu mfukoni ikanyamaza. Nikasema ni mtandao. Akaweka sauti wazi. Ikaita. Mwanamke akapokea.

"Allo, karibu. Munatafuta chambre ya batu bangapi?"

Mama wee!

Namba ile ni ya laini ya Kongo. Niliiweka kwa sababu wageni wetu wengi wanatoka Bukavu, na sisi watu wa mpakani kila mmoja ana laini mbili. Ile ya Kongo niliacha kuitumia, nikasahau kama iko kwenye tovuti. Laini iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine. Mtu mwingine huyo ni Maman Marguerite, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ambaye kila asubuhi anavuka kupeleka samaki kwenye jiko la Papa Kabera.

Alituambia yote kwa roho safi. Tangu Aprili anapigiwa hata mara nne kwa siku na watu wanaotafuta chumba. Mwanzoni alikuwa anakata. Kisha akawaza: batu ba Mungu, balale wapi? Nyumba ya wageni anayoijua ni moja tu, ya Papa Kabera. Basi akawa anawatuma huko, anawauliza kama wana watoto, kama wanaogopa mbu, anawaeleza mahali pa kushukia.

Nimekaa juu ya godoro nikapiga hesabu. Simu nne kwa siku, miezi miwili. Kumbe SEO yangu inafanya kazi! Nimejaza nyumba nzima! Ya jirani.

Niliona aibu. Aibu kweli, siyo ya kuandika tu. Zana kumi na mbili zinanitazama usiku na mchana, na hakuna iliyoniambia simu haiiti kwetu. Nikataka tunyamaze. Joselyne akasema mficha uchi hazai, akatoka kwenda kumwambia Maman Védastine kabla sijafika mlangoni.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi nimebadilisha namba. Dakika mbili. Nimeweka ya mapokezi.

Saa nane mchana simu ya mapokezi ikalia. Sisi sote tukaiangalia kama nyoka. Mzee Ntabaza, mwalimu wa Bukavu, anakuja kwenye harusi na mkewe, anataka vyumba viwili kwa sababu mkewe anakoroma. Maman Védastine akamwuliza alitujuaje. Akasema kwenye internet. Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu. Sirudi Mururu!

Maman akaniambia niinuke, bado hajamaliza. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mnene mwenye kitenge cha njano na beseni la sambaza. Maman Marguerite. Ameitwa. Ameajiriwa! Maman Védastine anasema mtu aliyejaza nyumba ya watu bila hata kuombwa, akiombwa itakuwaje? Kuanzia leo simu ni yake, wageni ni wake, na idara ya mtandao iko chini yake. Mimi, mkuu wa idara, niko chini ya sambaza.

Maman Marguerite hakupoteza muda. Akaketi mbele ya kompyuta, akaniuliza kila zana: hii ilituletea nini mwezi huu? Nikijikuna, anasema toa. Nilitoa kumi huku machozi yananilenga. Imebaki ile ya bure ya Google na ile inayoonyesha ukurasa uliokufa. Ya tatu ni kaye, amekuja nayo kwenye beseni, inanuka samaki. Nikasema kaye si zana. Akasema, "Mutoto wangu, hii njo ya kwanza." Na akaweka sheria: tatu tu. Ikiingia moja, moja itoke.

Sikubishana. Nilikuwa mnyenyekevu kabisa. Nimejifunza, jamani. Nimejifunza sana.

Jumapili, 9 Juni

Misa, ugali, usingizi kidogo. Mzee Ntabaza amefika na mke, na jirani zao watatu wa harusini. Vyumba vinne vina watu! Kila anayeingia, Maman Marguerite anamwuliza alitujuaje na kuandika kwenye kaye. Tayari kuna majibu matano. Mawili yanasema picha ya dirisha la ziwani, kwa hiyo anataka Jumatatu nipige picha zaidi. Nikasema sawa, Maman.

Halafu mchana, nikipumzika tu na simu yangu, bila kutafuta chochote, ikajitokeza yenyewe. Zana mpya. Ndani yake kuna zana hamsini na tano! Maneno, grafu, majirani, yote pamoja, na rangi! Lakini yenyewe ni moja. Nimehesabu mara mbili. Moja.

Sheria ni sheria, na mimi sasa ni mtu wa kutii. Ikiingia moja, moja itoke.

Nimetoa kaye.