Ukuta wa Kidato cha Nne B

Jumatatu, 21 Julai
Mpango umekamilika! Mthibiti ubora wa shule anakuja Alhamisi, na Madam Gladness, mkuu wetu, amedokeza kwamba mwalimu atakayemfurahisha mgeni ndiye atakayepewa uongozi wa idara. Goodluck wa Jiografia ameshaanza kupangusa tufe lake la dunia. Na alipanguse. Mimi nina Vita Baridi.

Nimeazima kamba nene kwa dereva wa lori la makaa ya mawe anayesubiri zamu bandarini. Nimeikaza katikati ya darasa, kutoka ubaoni hadi nyuma. Berlin! Mashariki wana madirisha na upepo wa bahari. Magharibi wana mlango. Hakuna kuvuka, hakuna kusemeshana, mpaka Alhamisi nitakapoikata kwa kisu mbele ya mgeni, nao wakumbatiane. Mke wangu ameuliza nikiikata nitamrudishia nini mwenye kamba. Mke wangu haelewi historia.

Jumanne, 22 Julai
Ajabu! Asubuhi walikuwa wanacheka. Kufikia mapumziko Mashariki walishapata rais: Salumu, ambaye mwaka mzima hajanyoosha kidole kujibu swali. Magharibi wakadai korosho kwa kila anayepita mlangoni kwenda chooni. Salumu akajibu kwamba watu wake hawaombi ruhusa kwa mabepari. Wakaanza kutokea dirishani. Mchana Magharibi wakalalamika joto. Mashariki wakafunga madirisha yote. Wakakaa humohumo wakitokwa jasho wenyewe, wamefurahi!

Nilisimama mlangoni mwili ukanisisimka. Sikuwafundisha hilo. Miaka yote naandika ubaoni "sababu za mgogoro", moja, mbili, tatu, kumbe inatosha kamba.

Goodluck alipita, akachungulia, akasema watoto hawa wataumizana. Wivu.

Jumatano, 23 Julai
Wasichana wawili, Saba na Rehema, wamekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Saba ni mjukuu wa Hajrabai, mwenye duka la vitambaa. Rehema ni mtoto wa wakulima wa korosho, na sare zake zote zimetoka duka hilo. Bibi humpa bure, husema ni vipande vilivyobaki. Kamba imepita katikati yao.

Leo Saba alinyoosha mkono kumpa mwenzake kipande cha sambusa. Salumu akakidaka, akatangaza kuwa ni hongo ya adui, akamtaka Rehema aseme mbele ya wote yuko upande gani. Rehema akainamisha kichwa.

"Mashariki," akasema.

Saba alilia bila sauti. Mkono wangu ulikwishafika kwenye fundo la kamba. Halafu nikakumbuka: mgeni kesho! Nikaurudisha mfukoni.

Jioni nimepiga pasi suruali. Nimenoa kisu.

Alhamisi, 24 Julai
Balaa. Nimefika darasani, hakuna mtu. Hakuna kamba. Ubaoni wameandika kwa chaki: Bibi yake Saba amefariki alfajiri. Tumekwenda.

Na huku nyuma mgeni anashuka garini! Madam akauliza darasa langu liko wapi. Nikasema wako kwenye mafunzo kwa vitendo. Mgeni akasema vizuri sana, twende tukayaone. Goodluck naye akapanda, tufe mapajani.

Ufukoni, nje ya nyumba ya marehemu, rais wa Mashariki alikuwa juu ya ngazi akifunga turubai. Kwa kamba yangu, Ukuta wa Berlin! Magharibi wamemshikia ngazi. Wengine wanateka maji, wanapanga viti, wanapokea sufuria za majirani. Kupitia mlangoni nikamwona Rehema kwenye mkeka. Kichwa cha Saba kiko begani kwake.

Mgeni, ambaye njiani nilimweleza habari za Berlin yangu, akamwuliza Salumu nani ameamuru ukuta uondolewe.

"Hakuna, mzee. Habari zilipofika Rehema akaanza kufungua. Fundo likamshinda. Tukamsaidia."

"Nani na nani?"

"Wote, mzee. Lilikuwa fundo la Mwalimu."

Mataifa makubwa yalihitaji karibu miaka thelathini, na hawa hawakungoja hata kengele ya asubuhi. Nikaegemea ukuta wa jirani, nikalia kama mfiwa. Watu wakanipa pole. Wakanipa na kiti. Mgeni akaniuliza taratibu kama haya yote nilikuwa nimeyapanga. Nikafungua mdomo niseme hapana.

Ikatoka ndiyo.

Ijumaa, 25 Julai
Idara kapewa Goodluck. Mgeni amemwambia Madam kwamba jana mwalimu mmoja aliweka tufe chini akabeba ndoo, na mwingine alipewa kiti. Lakini kuhusu wanafunzi amesema tangu aanze kazi hajawahi kuona kitu kama kile. Wanafunzi WANGU!

Madam amesikia kisa cha sambusa, ameniagiza nikawaombe radhi Saba na Rehema. Nimekwenda baada ya swala. Wote wawili walikuwa barazani. Nilianza hotuba niliyoiandaa njiani, ikakatika katikati. Nikasema tu kwamba juzi niliona, na sikufungua. Saba akachukua kikombe.

"Karibu chai, Mwalimu."

Rehema akanisogezea kigoda. Nikanywa. Watoto waliofarakanishwa na mimi, wananimiminia chai! Nyingine ikanimwagikia kwenye suruali. Wakacheka, wote wawili kwa pamoja, msibani, wakajiziba midomo kwa mitandio.

Jumamosi, 26 Julai
Nimetafakari sana, na somo liko wazi. Mbinu yangu ni kiboko! Bila kuwagombanisha, wangepatanaje? Goodluck na aongoze idara. Tufe halijawahi kumliza mtu.

Jumatatu ni zamu ya Kidato cha Tatu: wakoloni wanagawana Afrika. Nimeshazungumza na mpishi. Sufuria nzima ya makande itawekwa mbele ya wakoloni niliowateua, wavulana wakubwa wenye njaa. Afrika itakaa pembeni na sahani tupu mpaka uhuru, ambao nimeupanga saa kumi jioni. Madam hajui, itakuwa zawadi kwake.

Sioni kitakachoharibika.