Zamu ya Beberu

Jumapili, 5 Mei 2024
Beberu wa kikundi chetu cha ufugaji yuko nyumba namba moja. Mimi namba saba. Nyumba zetu tisa hapa Visiga zimezunguka kiwanja, na kila Jumapili beberu anahamia nyumba ya nne mbele. Utaratibu wa Bi Kidawa, mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu. Moja, tano, tisa, nne, nane, tatu, ndipo mimi. Tarehe 16 Juni, Idi ya Kuchinja iko mlangoni! Na Zuwena wa Kurui ametaja mahari yake: mbuzi mmoja aliyekwisha kupandwa, afike kabla ya Idi. Hataki kingine. La sivyo baba yake atasikiliza posa ya pili. Mbuzi ninaye, Tausi. Hana mume tu.
Kinachouma zaidi: Anselmi wa namba tisa atampata beberu wiki ya tatu. Mbuzi wake hata hawana haraka.

Jumatano, 8 Mei
Nimepanga vizibo tisa vya soda mezani, duara. Nikaruka kwa nne: kila kizibo kikaguswa. Nikaruka kwa tatu: moja, nne, saba, kisha moja tena! Vizibo sita havikuguswa kabisa. Nikakumbuka kidato cha pili: kigawo kikubwa cha shirika. Tatu na tisa zinashirikiana tatu. Nne na tisa hazishirikiani chochote ila moja. Tukihesabu tatu, beberu atakuwa kwangu tarehe 19, na atarudi kila baada ya wiki tatu. Anselmi hatamwona maisha.
Akili hizi zinapotea bure Visiga.

Ijumaa, 10 Mei
Kikao. Nikaeleza kwamba nne inawachosha wazee. Mafiga ni matatu, talaka ni tatu, kwa nini beberu ahesabiwe nne? Anselmi akauliza kama nataka kumpika beberu au kumwacha. Wakacheka. Kura: wanne kwa wanne, mwenzetu wa tisa, Firdausi, yuko msibani Kongowe.
Nilikuwa nimejiandaa. Nikamleta Evance, aliyemaliza juzi kujenga kwenye kile kiwanja kitupu kati ya namba sita na kwangu. Nikaomba apokewe, apige kura. Nilidhani Bi Kidawa atapinga. Akakubali haraka, akitabasamu. Evance akanyoosha mkono wangu, yaani wake. Tano kwa nne. Ushindi!

Jumapili, 12 Mei
Beberu yuko namba nne, kwa Mama Blessing. Kama nilivyopanga. Nimemwogesha Tausi. Nimemtumia Zuwena ujumbe kwamba mambo yameiva.

Jumapili, 19 Mei
Nilisimama mlangoni na kamba mpya. Wanakikundi wakatoka naye kwa Mama Blessing wakihesabu nyumba kwa sauti. Tano, moja. Sita, mbili. Evance, tatu.
Beberu akaingia kwa Evance!
Nikasema Evance ni mgeni, asihesabiwe. Bi Kidawa akaniuliza kura yake ilihesabiwa au haikuhesabiwa. Kisha akaniita pembeni.
"Yahya mwanangu, tatu na tisa zina cha shirika, ndiyo maana zingezunguka nyumba tatu tu, nyingine zikarukwa. Tatu na kumi hazina cha shirika ila moja. Hizo hazimruki mtu."
Nikarudi kwenye vizibo, safari hii kumi. Kweli, kila kimoja kinaguswa. Mimi wa mwisho! Tarehe 7 Julai. Anselmi Jumapili ijayo.
Nimewaza sana. Tatu ni namba tasa, nilidhani siri iko hapo. Lakini nne si tasa, tisa si tasa, na zikikaa pamoja hakuna kinachozigawa zote mbili ila moja. Kumbe utasa wa namna hii hauko ndani ya namba moja. Uko kati ya mbili. Na zile zisizoshirikiana kitu ndizo zinazofika kila mlango. Jambo zuri, ukilitazama ukiwa na mke tayari.

Jumanne, 21 Mei
Kurui, kwa bodaboda. Nikamwamkia Mzee Latifu, baba yake Zuwena, akaitikia marahaba akitazama nyuma yangu kama kuna mbuzi. Zuwena alikuwa anamenya mihogo. Nikamweleza yote, hata vizibo. Alisikiliza mpaka mwisho.
"Watu kumi wanangoja beberu mmoja, wewe unatafuta namba ya kuwaruka. Nenda kamwombe Anselmi zamu yake. Mdomo huo huo unaohesabia."
Hajui hesabu, masikini.

Alhamisi, 23 Mei
Anselmi amekuja mwenyewe. Kasikia habari za Kurui. Kasema mbuzi wake wanaweza kungoja, nichukue wiki yake, nitamlipa kwa kumwalika harusini. Nimemtazama sana. Mtu hatoi beberu hivi hivi. Nimemshukuru, nikamwambia sina shida, nina mpango.
Na ninao. Nane! Nane na kumi zinashirikiana mbili, kwa hiyo nyumba tano tu ndizo zitakazoguswa. Kutoka kwa Anselmi, nyumba ya nane mbele ni kwangu. Tarehe 2 Juni, kabla ya Idi. Nimehakiki kwa vizibo mara mbili.
Tatizo ni kura tu, na hilo nimelimaliza. Jana mgeni mwingine, Dotto, amehamia kwenye nyumba mpya iliyojengwa kati ya namba mbili na tatu. Nimemwahidi uanachama.