Gari la Lucian, Simu Yangu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimempita Lucian pale Kwa Mathias, amelala kwenye boneti ya gari langu. Sawa, gari lake. Nilimuuzia mwezi uliopita. Anawaambia watu kalinunua kwa jamaa aliyeshindwa kulitunza. Mimi! Tunaimba tena sauti moja kwayani!
Nimerudi nyumbani. Nafungua simu, nakuta ile programu ya gari bado ipo. Nikaigusa. Gari hilo hapo kwenye ramani! Milango imefungwa, mafuta nusu. Honi, vioo, hita, vyote chini ya kidole changu. Nimemwambia mke wangu, Wilhelmina: Lucian ataogopa, ataona gari lina pepo, atalirudisha kwa bei ya kutupa. Kaniita Baba Blessing kwa sauti ya uchumba.

Jumanne, 15 Julai
Lucian kaenda Magindu. Nikabonyeza honi. Ndefu! Jioni nikamuuliza, kwa upole kabisa, gari linasumbua? Akasema alikuwa anarudi nyuma, karibu amgonge ng'ombe wa watu, honi ikalia yenyewe, ng'ombe akaruka. Eti gari lina huruma.
Huruma!

Alhamisi, 17 Julai
Ramani inaonyesha gari liko hospitali tangu asubuhi. Nimemwambia Wilhelmina jamaa anapaki kule ili madaktari wamwone. Jioni aliporudi akampakia mkewe, Marselina, nikawawashia hita, joto mpaka mwisho. Leo hii hii Marselina anatangaza kwamba magoti yaliyomsumbua miaka yote yamelainika. Anataka apakiwe tena kesho.

Jumamosi, 19 Julai
Aibu. Aibu. Aibu.
Kwaya ilialikwa harusini Kisarawe. Lucian akatupa lifti mimi, Mzee Calist wa besi, na Anjela, katibu wetu. Kumbe simu yangu na gari bado vinafahamiana, vikajiunganisha vyenyewe! Tunaingia tu uwanja wa harusi, Wilhelmina anapiga. Sauti yake ikatoka spika zote: "Baba Blessing, umeshambonyezea honi? Mtishe leo alirudishe, nimechoka na bodaboda!"
Mzee Calist akakohoa.
Nikahangaika kukata simu, nikabonyeza kila kitu. Honi ikalia, hita ikawaka, vioo vikashuka, milango ikajifunga, hata kwa ndani ikagoma. Na mtandao ukakata! Tukaanza kutokea dirishani. Mzee Calist alipita mpaka tumboni, akakwama. Bibi harusi ndiyo anaingia. Mzee akaimba besi yake pale pale, nusu ndani nusu nje. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya ibada Lucian kaniita pembeni. Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga. Akasema honi kanisamehe, hita Marselina anashukuru. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hospitali uliniona?" Nikasema ndiyo, kwenye ramani ya simu. Akasema anapima moyo, mkewe hajui, alitaka majibu yatoke kwanza ndipo amwambie mwenyewe. "Hilo lilikuwa langu, Gregori. Sikukuuzia hilo."
Nilikosa pa kuweka mikono. Nikaifuta programu mbele ya macho yake. Nikamwapia sitachungulia tena maisha ya mtu. Nimelia kidogo. Lucian kanipa leso.

Jumatano, 23 Julai
Anjela naye kanunua gari la kisasa. Kaja kwangu nimwekee programu yake, eti mimi ndiye mtaalamu. Nimesikia fahari. Programu ikadai barua pepe, yake hata haikumbuki. Nimeweka yangu. Kwa usalama wake tu.
Sasa hivi yuko Mlandizi, sokoni. Kaacha vioo wazi, na vumbi lile! Nimemfungia. Kafungua. Nimemfungia tena. Kafungua.
Mwanamke mbishi huyu.