Vita vya Kiyoyozi na Safari ya Nukta ya Kijani

Sogeeni, enyi mliosikia habari za majemedari waliobomoa ngome na wafalme waliovuka majangwa, mkazisadiki bila kuona hata kiatu chao. Leo waacheni hao wapumzike, mkampishe njia Dada Jani, binti wa fundi cherehani, mshika koleo, mpasua majani, simba-jike wa chumba cha hadubini, yeye aliyezimisha kiyoyozi.

Hasimu wake alikuwa nukta. Nukta ya kijani iliyong'aa ndani ya chembe hai ya jani la tumbaku: kirusi, alichokitia rangi kwa mkono wake ili akione kikisafiri. Maana kirusi, waungwana, hakina miguu wala nauli. Kikishaingia katika chembe ya mmea hudandia wachukuzi wa mwenye nyumba, vibarua wasiolala, wapitao na mizigo juu ya nyuzi nyembamba. Nao hukibeba bila kukiuliza kinakwenda kwa nani, hadi kwenye vitundu vya ukutani, kikapenya kwa jirani. Ndivyo alivyoandika Dada Jani katika andiko la utafiti wake. Ila nukta yake haikusogea. Juzi ilikaa, jana ikakaa, na leo ilikuwa imekaa kama mgeni aliyesikia sufuria zikigongana jikoni.

Asubuhi hiyo Mama Profesa, ambaye kauli yake haina rufaa, alisimama mlangoni akanena. "Mwanangu, nakupenda, lakini nukta isiyotembea si utafiti, ni doa. Isiposogea leo, kazi hii tunaifunga, nawe utahamia ghalani ukapime mbegu."

Dada Jani, aliyeipa nukta ile ujana wake na wachumba wawili, aliogopa. Akainama tena kwenye hadubini. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akavipuliza, na hapo ndipo alipojiona mjinga wa kutupwa. Siku zote hizo alikuwa akikilaumu kirusi, kumbe waliogoma ni wachukuzi. Chumba kilikuwa baridi kama jokofu, na katika baridi ya namna ile vibarua wa chembe huzubaa njiani, abiria naye akabaki na safari yake.

Rimoti ya kiyoyozi ilikaa mfukoni mwa Kaka Barafu, fundi wa hadubini, mlinzi wa lenzi, mwenye koti juu ya sweta na kikohozi kisichoisha. Dada Jani alipomwomba apunguze baridi, fundi alijinyoosha akatoa hotuba.

"Dada yangu, wameingia humu wakuu wa idara wakaomba hilo hilo, wakatoka na mafua. Mashine hii inapenda baridi. Mimi na rimoti hii tutazikwa kaburi moja."

Kumpora hakuwezi, fundi ana kifua cha kabati. Lakini atakaye cha mvunguni sharti ainame, na Dada Jani akainama.

"Basi, kaka, siombi tena. Naionea huruma mashine tu. Ukikohoa picha inatikisika. Hebu jionee."

Fundi akaweka jicho, baridi ikamkaba koo, akakohoa. Nchi yote ya chembe ikatetemeka, kuta zikayumba. Akainuka polepole, uso umemshuka.

"Kikohozi chenyewe ni cha baridi hii," akakiri.

"Pole sana. Sasa sijui tutafanyaje."

Mkono wa fundi ukaingia kotini wenyewe, na kitufe kikabonyezwa. "Mashine kwanza," akasema, kama aliyeamua peke yake.

Chumba kikapata joto. Fundi akavua koti, kisha sweta. Nukta ikashtuka, ikasita, halafu ikaondoka mzobemzobe juu ya uzi wake, ikakata kona, ikafika ukutani na kuzama kwenye kitundu, na kamera ikanasa yote. Dada Jani alilia kwa furaha wala hakujificha.

"Kwa hiyo hicho kidudu hakijatoa hata jasho?" fundi akauliza.

"Hata tone, kaka. Kinabebwa na wenye nyumba, nao wanadhani wako kwenye shughuli zao."

Fundi akaitazama rimoti mkononi mwake. Kisha akamtazama Dada Jani, kwa muda mrefu.

Basi na iandikwe, watoto wasome na wajukuu wakariri, kwamba siku hiyo ngome ya baridi iliangushwa pasipo mshale wala ngumi, nukta ikavuka ukuta, na aliyebonyeza kitufe ni mwenye rimoti mwenyewe.