Nang'aa Kuliko Wote Makiso

Jumatatu, 9 Aprili 2001
Vita vimefunga mto, meli hakuna, lakini krimu yangu ya kung'arisha ngozi imetua kwa ndege kutoka Butembo! Katoni sita! Mtaa mzima wa Makiso hakuna mfanyabiashara mwenye akili hii. Najipaka mwenyewe mara tatu kwa siku, mwaka wa pili sasa, ili wateja waone. Vifundo vya vidole tu ndivyo vimekataa kung'aa. Jumapili ya Pasaka papa Kataliko, baba wa Kaswera wangu, anakuja kuamua kama atanipa binti yake. Ataukataaje uso huu?

Jumatano, 11 Aprili
Nimekodi toleka kutwa nzima. Nimekaa kiti cha nyuma cha baiskeli hiyo ya abiria nikipungia watu mkono kama askofu. Médard, muuza sabuni wa mlango wa pili, kawaambia wateja wangu kwamba nimechubuka kama muhogo. Wivu mtupu! Nikaingia dukani kwake nikapiga meza ngumi, ajue mwanaume ni nani. Meza haikutikisika. Mkono umevunjika.

Alhamisi, 12 Aprili
Plasta hadi kiwikoni. Nesi Stéphanie kauliza najipaka nini. Nikamtajia kwa fahari. Hakufurahi. Kasema ndani ya krimu mna dawa inayopenya ngozi, ikiingia kwenye damu inavuruga homoni, na mifupa inashindwa kujijenga upya. Yangu sasa ni biskuti. "Papa Mumbere, ile crème iko nakula mifupa yako. Alors, acha kabisa!" Nikamzawadia tyubu moja. Kaitupa kwenye ndoo ya taka.

Jumapili ya Pasaka, 15 Aprili
Médard kamvizia papa Kataliko njiani, kamweleza yote. Mzee kaitazama plasta, kasema binti yake haolewi na mwanaume anayevunjwa na meza. Kaswera akalia. Mimi pia, kidogo. Bon, mzee akalegea: niache krimu, mkono upone, Pentekoste tutazungumza. Nikaapa. Katoni zote sita nimezitupa! Nani mwingine ana moyo huu?

Jumatatu, 16 Aprili
Siku nzima bila krimu. Mimi ni mtu wa ahadi! Ila niliona jinsi mzee alivyonikagua: ananiona mwembamba. Constant wa duka la dawa kanipa vidonge vya kunenepesha. Nimesoma boksi. Dawa ni ileile iliyokuwa kwenye tyubu, jina kwa jina. Afadhali, mwili umeshaizoea. Na tena niliapa kutojipaka, sikuapa kutomeza. Nimemeza vinne. Kaswera atanionea fahari.