Véronique wa Saio na Vita vya Biskuti

Kaeni kitako, enyi mlio na masikio, na mwenye chungu jikoni akiepue kwanza, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja! Wengine wamewasifu majemadari wa Bunia, mji wa Ituri, na majemadari mwaka ule wa vita walikuwa wengi kuliko mbuzi. Kila mwenye bunduki mbili alijiita mkombozi, na kila mkombozi aliukomboa mji kwa kuupeleka nyumbani kwake, godoro baada ya godoro. Hao hatuna haja nao. Sisi twamtukuza Véronique, mke wa Floribert na mama wa Chance, simba jike wa mtaa wa Saio, Mkanda-Unga Asiyechoka, Mwenye Vidole Visivyoogopa Moto, aliyeoka biskuti.

Mwacheka? Basi jueni kilichomtia vitani. Mama mkwe wake, Domitille, alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Aru, amekonda, na tangu arudi hakutia kinywani kitu ila chai, wala hakunena neno. Naye enzi zake alikuwa na ulimi wa kuwatoa watu machozi: ugali wa Véronique ulikuwa teketeke, nguo zake hazikutakata, watoto wake hawakuwa na adabu. Miaka na miaka Véronique alimwomba Mungu amnyamazishe. Sasa Mungu alikuwa amejibu, na kila asubuhi Véronique alisimama mlangoni pa chumba kusikiliza kama mama yule angali anapumua, na kimya kile kikamuuma kuliko masimango yote ya zamani. Ajuza alikuwa anamfia mikononi, na dawa hakuijua.

Ndipo jirani yao Immaculée, mwanamke aliyewahi kufika Kampala na asiyempa mtu nafasi ya kulisahau jambo hilo, aliposimama uani akahutubu: "Mama Chance, sikia! Muzee mwenye iko nakunywa chai tu, umupe biskuti. Atachovya mu chai, itapita yenyewe. Na kuzipika ni mbio-mbio, ni bepesi! Farini, sukari, mafuta, moto. Unaimba wimbo moja, zinaisha kuiva!"

Mbio-mbio na bepesi! Sukari ilikuwako, kidogo, mafuta yalikuwako. Farini, yaani unga wa ngano, ndiyo iliyokuwa hazina ya nyumba, na Véronique alikuwa ameificha ndani ya gunia tupu la chokaa, ile chokaa ya kumwaga chooni kuzuia kipindupindu, kwa kuwa alifahamu kwamba mporaji hana kazi na chokaa. Hila ile iliyashinda majeshi mawili. La kwanza lilichukua redio na mlango. La pili, lilipoukosa mlango, liling'oa fremu. Gunia waliliruka. Lakini ngome iliyowashinda maadui iliangushwa na mwenyeji, kwa maana Véronique alipoliinua gunia lake siku ile, liliinuka kwa wepesi mno.

"Baba Chance! Nani alishika hii gunia?"

Floribert, nguzo ya nyumba, akajitokeza kifua mbele. "Ni miye! Kolera iko inauwa batu, na miye niko baba wa hii nyumba. Kila asubui niko namwanga mu choo. Weye hauone vile choo yetu iko safi kushinda ya bote?"

"Ulimwanga farini yangu mu choo?"

Shujaa akatazama miguu yake. "Ndiyo maana mende zinanona," akasema, kwa sauti ndogo.

Mabaki yalitosha sahani moja tu. Véronique akakanda, akakata viduara kwa mdomo wa glasi, akavipanga juu ya bati ndani ya sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga. Sufuria akaiteleka juu ya mbabula, jiko la makaa lililokuwa upande wa pili wa ua, na juu ya kifuniko akamwaga makaa mekundu, maana biskuti hutaka moto wa chini na wa juu, na ule wa juu ukikawia kuondolewa, huna biskuti tena.

Na saa ileile majemadari wawili wakakumbuka kwamba hawajaikomboa barabara ya uwanja wa ndege. Risasi zikanyesha. Watu wa nyumba wakajitupa chini ya kitanda, na Domitille wakamburuta pamoja na mkeka wake na kikombe chake cha chai. Wakalala hivyo, vumbi puani, mpaka harufu ya biskuti ilipowafikia, tamu kwanza, kisha kali kidogo.

"Zitaungua," akasema Véronique.

"Acha ziungue!" Floribert akahutubu, kichwa kikigonga chaga. "Siye tuko bazima, biskuti ni kintu gani? Miye bwana yako nakukataza kutoka!"

"Ile nguvu yako upeleke mu choo," akamjibu, akatoka kwa tumbo.

Alivuka ua akitambaa, na tofali la ukuta likapasuka juu ya kichwa chake. Hakuwaza sifa. Aliwaza kwamba ule ndio unga wa mwisho. Akayapangua makaa kwa vidole, kwa kuwa koleo lilikwisha kukombolewa, akaikamata sufuria masikioni kwa kanga na kuiburuta hadi chini ya kitanda huku akilaani majeshi yote kwa majina yao.

Humohumo, akachovya biskuti katika chai iliyopoa, akaitia mkononi mwa mama mkwe. Ajuza akaitazama. Akamung'unya. Nje risasi zikaendelea na ujinga wao. Kisha kile kinywa kilichofungwa tangu Aru kikafunguka.

"Bibi ya mutoto yangu," akasema Domitille, "sukari iko wapi? Na huku chini umeunguza. Kwetu hata imbwa ingekataa." Akanyoosha mkono. "Leta ingine."

Na iandikwe basi katika tarehe za Ituri, juu kabisa, na barabara ya uwanja wa ndege iandikwe chini kama nafasi itabaki: kwamba siku ile, chini ya kitanda huko Saio, Véronique alisimangwa na mama mkwe wake mpaka jua likatua, biskuti kwa biskuti, naye akalia kwa furaha akisema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Kula."