Betri Iliyoanikwa na Nailoni Yake

Jamani, leo nimevuliwa nguo sebuleni kwangu. (Nguo ninazo. Mnanielewa.)

Mama mkwe alifika juzi kwa boti kutoka Moba. Kwa desturi yao hasemi nami moja kwa moja, maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Mkwe wake mwingine ni fundi umeme kule Bendera, na sifa zake huanza kabla ya chai. Mimi nafundisha historia. Nilihitaji ushindi, hata mdogo.

Nikaiona aspirateri, ile mashine ya kufyonza vumbi isiyo na waya, zawadi ya shemeji. Siku hizi ilikuwa inanguruma dakika mbili na kukata roho. Nimeichaji usiku kucha, nimeosha chujio, wapi. Betri imechoka. Mama Zawadi wa sokoni akaniletea mpya kutoka Kigoma.

Leo asubuhi nikaanza kazi mbele ya mama mkwe, aliyekuwa akiangalia nje dirishani. Skrubu mbili, betri ya zamani ikatoka. Nikaiweka mezani kando ya mpya, zote nyeusi, sura moja, nikatoa somo kuhusu umeme. (Hakuna aliyeuliza.) Kisha nikachomeka betri, nikafunga, nikawasha.

Dakika mbili. Kimya.

Mama mkwe akakohoa. Nikampigia Mama Zawadi kwa sauti ya mwenye nyumba: "Mama, umeniuzisha kitu kimekufa!"

"Papa Neema, ungoje hapo hapo. Niko nakuya."

Nikimngoja, nikaianika ile betri ya zamani juani, kando ya ndagala, wale dagaa wa mama mkwe, kama tunavyoanika betri za redio zipate nguvu kidogo.

Mama Zawadi akashuka kwenye pikipiki, mikono kiunoni. Nikaanza kumsomea mashtaka. Mama mkwe, ambaye alikuwa ametoka kugeuza ndagala zake, akaingia na betri mkononi. Hakunitazama.

"Mama Zawadi, umuulize mukwe wangu: batri ya zamani inakuwaka na nailoni ya duka?"

Nilikuwa nimerudisha ileile iliyochoka. Mpya, ikiwa bado ndani ya nailoni yake angavu ya dukani, nilikuwa nimeianika na samaki.

Nilimwomba Mama Zawadi radhi mpaka akaanza kunionea huruma. Mama mkwe akabandua nailoni, akachomeka betri mwenyewe, akafagia sebule nzima bila mashine kuzima. Kisha akampigia simu yule fundi wa Bendera: "Mwanangu, usijisumbue kukuya. Nimeshaitengeneza."

Chekeni polepole basi. Yuko chumba cha pili, na sasa anapigia Moba.